Visanduku Vitupu vya Somoe

Nimestaafu. Nalisema neno hili kwa sauti ya mtu aliyeagwa kwa hafla na hotuba, lakini mtengeneza katuni wa kujitegemea hana ofisi ya kumuaga. Nilijiaga mwenyewe jikoni, mbele ya mke wangu, Mama Asha, naye akauliza kama sasa nitaondoa makaratasi yangu juu ya kabati la vyombo. Nikasema nitayaondoa. Bado yapo.

Kilichonistaafisha ni macho. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ile mistari miwili ninayoiona ni mmoja. Mimi kwa muda mrefu nilidhani ni mtindo wangu.

Ninyi wenzangu vijana mnaijua desturi yetu. Kila mwaka, korosho zikishatoka maghalani na watu wakapumua, sisi watengeneza katuni wa Nachingwea na Ruangwa tunakaa pamoja na kila mmoja anaeleza mwaka wake: alichotoa, kilichomshinda, alichojifunza. Safari hii mmeniomba nisieleze kwa mdomo, niandike, kwa sababu nikieleza kwa mdomo chai inapoa na bado sijafika mwezi wa pili. Nimekubali. Ila siwezi kuueleza mwaka huu bila kuanza mbali kidogo. Mnivumilie; mkichoka, mnaweza kuruka mpaka anapoingia Somoe. Wengi huwa wanafanya hivyo.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikaenda kuomba kazi kwenye gazeti moja la katuni Dar es Salaam. Zilikuwa zama ambazo magazeti ya namna hiyo yalining'inia kwenye kila kibanda, na mimi niliamini yananisubiri niyaongoze. Mhariri alikuwa Mzee Tindwa, mtu mfupi aliyechora akiwa amesimama, miwani juu ya kipaji cha uso, sigara isiyowashwa mdomoni. Hakuomba kuona cheti.

"Unachora?"

"Kidogo, mzee."

"Chora mkono."

Nikachora mkono. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza juu chini.

"Huu muhogo una vidole vizuri," akasema. "Utaandika maneno."

Ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu. Nilikuwa mtu wa kuandika maneno ndani ya maputo, yale mawingu yanayotoka vinywani mwa watu wa katuni. Mzee Tindwa alinifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwemo. Andika maneno kwanza, puto lizunguke baadaye. Ukichora puto kwanza, sentensi itabanwa kama miguu kwenye viatu vya kuazima. Ukikosea, usisugue, kwaruza wino kwa wembe mpya, taratibu, upande mmoja. Usiweke kikombe mezani. Na jambo kubwa kuliko yote: msomaji asiuone mwandiko wako. Akiuona tu, ujue umesimama kati yake na hadithi. Nilijivunia kutokuonekana kwangu, na mtu anayejivunia kutokuonekana, mtakubaliana nami, ana tatizo lake.

Magazeti yale yalikufa moja baada ya jingine, kama kuku wa kideri. Nikarudi nyumbani Nachingwea na chupa ya wino, rula ya chuma na sifa ambazo hapa hazikuwa na matumizi. Watu wakaanza kuniita Mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa. Hapa kwetu mtu mwenye miwani ambaye hajui kulima huwa mwalimu, na hakuna pa kukata rufaa.

Nilianza kutoa katuni zangu mwenyewe kwa mashine ya kopi ya steshenari ya karibu na stendi. Tatizo la kwanza lilikuwa kuzibana kurasa. Pini za steshenari hazikufika katikati ya karatasi, na kurasa zilikuwa zinatawanyika mikononi mwa wasomaji hivi kwamba wengine walikuwa wanaanza na mwisho na kuniambia hadithi ni nzuri lakini mwuaji anajulikana mapema. Mama Asha ndiye aliyeninusuru. Aliniletea sindano ya kushonea magunia ya korosho na uzi wake, akasema, "Kinachobeba korosho hakitashindwa na hekaya." Tangu hapo vitabu vyetu vyote vinashonwa kwa uzi wa gunia. Watu wa mbali hudhani ni urembo. Waacheni wadhani hivyo.

Mengine mliyojifunza kwangu mnayajua: msichore wakati wa mvua za masika madirisha yakiwa wazi, wino utatambaa, msimwachie kitabu mtu anayekula bibo la korosho, doa la bibo halitoki milele, na siku za mnada wa ufuta uzieni vitabu karibu na mizani, siyo karibu na spika.

Kasiani alikuja kwangu kutoka Kiegei, mtoto wa katekista, kijana anayeongea haraka kuliko anavyofikiri na anayechora haraka kuliko anavyoongea. Alikuja na shujaa wake, Bwana Salfa, mtu anayeruka juu ya mikorosho akinyunyiza ile dawa ya unga na kuwapiga mateke wadudu wenye sura za madalali. Bwana Salfa alipendwa mno. Mzee mmoja wa Mtua alimsubiri Kasiani mnadani asubuhi nzima ili amwulize jambo moja.

"Huyu bwana wako haoi?"

"Ni shujaa, babu. Hana muda."

"Mtu mzima, nguvu zote hizo, kila siku yuko juu ya miti ya watu. Anakula kwa nani?"

Kasiani akamwuzia toleo. Mpaka leo mzee yule ananunua kila linalotoka akitafuta harusi.

Somoe yeye alitoka upande wa Ruangwa, mzaliwa wa Matambarale, fundi wa kushona sare za shule. Alinijia na michoro aliyoichora nyuma ya karatasi za kaki za kukatia vipimo. Nilitazama mikono. Siku zote natazama mikono kwanza, ni kidonda changu. Mikono ya Somoe ilikuwa mikono: mmoja umeshika mchi, mwingine unamfunga mtoto mgongoni, na ulijua bila kuona uso kwamba mwenye mkono ule amechoka na hataki aulizwe. Nilimwambia sina cha kumfundisha kwenye kuchora. Akasema alijua, alikuja kwa ajili ya maneno na uzi.

Sasa tumefika mwaka wenyewe.

Masika yalikuwa yanaelekea kuisha Somoe alipoleta kurasa za kitabu chake kipya. Kasiani alikuwa kwangu akikunja toleo la Bwana Salfa. Tulizipanga kurasa juu ya mkeka. Hadithi ilikuwa ya msichana anayekwenda unyago, tangu mama yake anapomnyoa nywele hadi siku anapotolewa mbele ya watu kwa shangwe. Kila ulipofungua, ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mama aliyebaki nyumbani: anafagia, anapika, anaweka sahani ya mtoto asiyekuwepo, anaiondoa. Ukurasa wa kulia, ule wa msichana kule ndani, ulikuwa na visanduku vilivyopigwa mistari ya pembeni tu. Katikati hakuna kitu.

"Hivi utavimaliza lini?" nikauliza.

"Vimekwisha, kaka."

"Hivi hapa, vitupu."

"Si vitupu. Wewe tu hujaingia humo."

Niliinama na miwani yangu. Niliona kwamba visanduku havifanani. Kimoja kilikuwa kirefu na chembamba. Kingine kipana, na mstari wake wa chini ulikuwa unatetemeka. Kimoja kilikuwa wazi upande mmoja, kama uzio ambao mbuzi amepita. Nilielewa kwamba pana lugha pale na kwamba mimi ni mgeni wake. Kasiani hakuelewa hata hicho.

"Da Somoe, nipe kimoja tu," akasema. "Kile kipana. Nimpitishe Bwana Salfa anaruka, asiharibu kitu."

"Akipita hapo atatokea upande wa pili hana suruali."

Tulicheka, na tulipomaliza kucheka Somoe akatuambia sababu ya kitabu. Binti yake, Rehema, alikuwa apelekwe unyago likizo ya mwezi wa sita, kule kule Matambarale, kwa Bi Fatu, nyakanga aliyemfunda Somoe mwenyewe. Nyakanga ndiye mama mkuu wa mafunzo hayo. Asipokupokea yeye, hakuna mlango mwingine. Rehema alikuwa anaogopa. Alikuwa anaamka usiku na kumshika mama yake nguo. Kila alipouliza huko ndani kuna nini, Somoe hakuweza kumjibu, maana ya ndani hayasemwi kwa asiyeingia, hata kama asiyeingia ni mwanao na analia.

"Ya ndani siwezi kumwambia," Somoe alisema. "Lakini naweza kumwonyesha kwamba siku zote hizo mimi nitakuwepo nje."

Niliandika maneno ya mama kwenye maputo. Somoe alinieleza kila mahali mama anasema nini, nami nikanyoosha. Nilinyoosha vizuri, nakiri kwa majivuno: ilikuwa kazi yangu ya mwisho na nilitaka ing'are.

Kazi ya kutangaza ilikuwa ya Kasiani, kama kawaida. Alipiga picha jalada, akaliweka kwenye makundi ya simu ya Nachingwea na Ruangwa yote, na juu yake akaandika: SIRI ZA UNYAGO ZAANIKWA HADHARANI! SASA KWA PICHA!

Nilimwita.

"Mwalimu, si wewe uliyesema kichwa cha habari kiwe na jino?"

"Jino, Kasiani. Siyo taya la fisi."

Akafuta, lakini nani aliwahi kufuta kitu kwenye simu za watu? Bi Fatu hana simu. Ana wajukuu. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Matambarale, na asubuhi yake jibu likaja kupitia kwa somo wa Somoe, yule mama aliyesimama naye alipochezwa unyago akiwa msichana. Jibu lilikuwa fupi: mama anayeanika ya ndani, mwanawe abaki huko huko nje. Rehema asiletwe.

Kwa mgeni hilo linaweza kuonekana dogo. Nina maoni ya chuo kikuu kuhusu jambo hili, yenye kurasa kadhaa, na katika wiki ile hakuna aliyeniomba hata moja. Rehema angekua, angeolewa, angezaa, na bado kila penye mkusanyiko wa wanawake wa kwao maneno yangekatika anapoingia. Msichana yule yule aliyeogopa kwenda sasa alilia kwa sababu haendi, na wenzake shuleni walikuwa wameshapewa siku ya kunyolewa.

Tulikaa kwangu, sote watatu. Kasiani alisema tukichome kitabu na yeye atasema alikuwa amelewa. Mimi nilisema lipo suala la uhuru wa msanii.

"Kaka," Somoe akasema, "huo uhuru wa msanii utamkalisha Rehema mkekani na wenzake?"

Nikasema sidhani.

"Basi twende Matambarale. Bi Fatu akione."

"Akikikataa?"

"Nitakichoma mbele yake. Lakini hatanihukumu kwa maneno ya Kasiani."

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi nyuma ya Kasiani, kuku wa Somoe wa kumpelekea Bi Fatu miguuni mwangu, tukafika tukiwa wekundu kwa vumbi kama matofali mabichi. Somoe alikuwa ametangulia na somo wake. Wanawake waliingia naye uani kwa Bi Fatu, na sisi wanaume tukaonyeshwa gogo karibu na rundo la kuni, mbali kiasi cha kutosikia maneno lakini siyo mbali kiasi cha kutosikia sauti. Mwenye kuchagua mahali pale alikuwa anajua kazi yake.

Kwanza palikuwa kimya. Nikajua wako kwenye kurasa za mwanzo, za kunyolewa. Kisha mwanamke mmoja akacheka, mcheko wa ghafla, wa kukamatwa. Wengine wakafuata. Walicheka wakinyamaza na kuanza tena, na kati ya vicheko nilisikia mtu akipiga ardhi kwa kiganja.

"Wanacheka wapi?" Kasiani akanong'ona. "Mwalimu, mle hatukuweka utani hata mmoja."

"Wako kwenye visanduku."

"Vipi? Vitupu?"

"Nyamaza, wasije wakatukumbuka."

Wakatukumbuka. Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri, na baada ya muda mtoto wa kike akaja kutuita.

Bi Fatu alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mwanamke mdogo wa mwili kuliko nilivyomjengea hofu. Kitabu kilikuwa juu ya mapaja yake. Kwa wenzake aliongea Kimwera; kwetu alitumia Kiswahili cha sentensi fupi, kila moja ikiwekwa chini kama mtu anayepanga vyungu.

"Maneno haya kaandika nani?"

"Kaka yangu huyu, bibi," Somoe akajibu. "Mwalimu."

"Mwanamume."

"Ndiyo, bibi."

"Picha ni zako."

"Zangu."

"Hizi nyumba zilizofungwa, zako."

"Zangu, bibi."

"Hakuzigusa?"

"Hakuzigusa."

Kasiani alitazama chini kwa namna ya mtu anayeshukuru kwamba hakupewa kile kisanduku kipana. Bi Fatu akanigeukia.

"Baba, hapa mama analia mtoto hayupo. Nani kakuambia anavyolia?"

"Somoe aliniambia, bibi. Mimi nikanyoosha kidogo."

"Kanyoosha," Bi Fatu akawaambia wenzake, kisha akarudia kwa Kimwera, na huko neno hilo lilionekana kuwa na ladha zaidi, maana mmoja alilazimika kushika kichwa cha jirani yake asianguke. Nilisimama nikachekwa. Nimewahi kupata uhakiki wa maandishi yangu kutoka kwa maprofesa. Haukuwa na uzito ule.

Walipotulia akasema, "Somoe, nyumba umefunga vizuri. Hakuna aliyechungulia. Aliyeingia anaona, asiyeingia haoni. Lakini mlangoni umesimamisha mwanamume. Mtoto akitaka kupita kwa mama yake, anakutana na baba huyu. Maneno yake yatoke. Ukiyatoa, mlete Rehema na wenzake."

"Yatatoka, bibi," Somoe akasema. Hakunitazama kuniomba ruhusa, na alifanya vizuri.

"Na mwenye simu ni yupi?"

Kasiani aliinua kidole kama yuko darasa la pili.

"Mama yako yupo?"

"Yupo, bibi. Kiegei."

"Alichezwa?"

"Sijui, bibi. Sisi ni watu wa kanisani."

Wanawake wakatazamana. Bi Fatu alionekana kuridhika na jibu hilo kuliko yote aliyoyasikia siku ile.

"Hujui. Vizuri. Ukifika kwa mama yako, kaa chini, umsomee yale uliyoandika kwenye simu. Kwa sauti. Yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa faini yake. Kasiani aliomba kama anaweza kuleta mbuzi badala yake. Hakuweza. Alikwenda Kiegei, akasoma. Nilipomwuliza mama alisemaje, alijibu polepole, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

"Alinisikiliza mpaka mwisho, Mwalimu. Alinipa ugali bila mboga."

Kisha akaandika kwenye makundi yale yale kwamba alichosema ni uongo, kitabu hakina siri hata moja, na anawaomba radhi mama zake wote. Vijana wawili walimjibu wakilalamika kwamba walishakaa tayari kukinunua.

Basi kazi yangu ya mwisho katika fani hii ilikuwa kufuta. Nilikaa na kurasa za Somoe, wembe na chupa ya tipeksi, nikayatoa maneno yangu puto baada ya puto. Ninyi mnaoanza, siku moja jaribuni: futeni kitu mlichoandika vizuri. Wino wa siku nyingi unashikilia karatasi. Unakwaruza, unapuliza, unakwaruza. Kwenye ukurasa wa sahani nilikuwa nimeandika hivi: Nyumba imekuwa kimya kama shamba lililovunwa. Nilikuwa nimeipenda sana sentensi ile. Nilimsomea Mama Asha kabla sijaitoa, akasema ni nzuri, kisha akauliza, "Lakini nani anaongea hivyo akiwa jikoni?"

Somoe akaja akaandika yeye. Mwandiko wake unalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Pale palipokuwa na shamba langu lililovunwa aliandika: Nimepika mwingi tena.

Kisha kikatokea kitu ambacho Mzee Tindwa hakunifundisha. Maputo yalikuwa yamechorwa kuzunguka sentensi zangu ndefu, na maneno yake machache yakabaki katikati na weupe pande zote, kama mtu aliyekaa peke yake kwenye benchi la watu watano. Nilitaka kumwambia tuyapunguze. Nilishafungua mdomo. Nikatazama ukurasa tena, mama na sahani, na lile neno dogo ndani ya puto kubwa, nikafunga mdomo. Hakuna mtu mwerevu aliyepanga ukurasa ule, na ni ukurasa bora kuliko wote niliowahi kuushika. Nasema hivyo bila haya, maana sehemu yangu ndani yake ni nafasi niliyoiacha.

Somo wake Somoe ndiye aliyesimama kwenye mashine ya kopi steshenari, kijana wa pale akiwa ameombwa aende kunywa chai kwa muda usiojulikana. Kushona kulifanyika barazani kwangu, wanawake wakishika sindano za magunia, mimi na Kasiani tukipika chai na kuambiwa sukari haitoshi. Rehema alikuwepo, nywele bado hazijanyolewa. Alichukua nakala ya kwanza iliyoshonwa, akakaa kwenye kona ya baraza.

"Mjomba," akaniita baada ya muda, "hizi za kulia hamkumaliza?"

"Muulize mama yako."

Somoe hakuinua kichwa kutoka kwenye uzi. "Soma za kushoto kwanza."

Rehema akasoma za kushoto. Alisoma polepole, akirudi nyuma mara nyingine, kidole kikifuata mwandiko ule unaolala. Alipofika kwenye sahani alisimama.

"Mama. Kweli utapika mwingi?"

"Kila siku."

"Na baba akikwambia unamaliza unga?"

"Nitamwambia anyamaze ale."

Rehema akafikiri. "Haya," akasema, na akaendelea kusoma. Siku walipompeleka sikuwepo, lakini Somoe aliniambia safari hii hakuna aliyeshikwa nguo.

Kuhusu mwaka huu wetu naweza kusema mengi. Bwana Salfa amepata matoleo mapya, na Kasiani anafikiria kumtafutia mchumba. Kitabu cha Somoe kimekwenda mbali kuliko kitabu chochote tulichowahi kushona. Tumekirudia kopi hadi mwenye mashine ananiamkia, naye ni mkubwa kwangu. Nimewaona wanawake wamesimama nacho kwenye mnada, wanafungua ukurasa usio na kitu na kuegemeana kwa kicheko, na waume zao wanakichukua, wanakigeuza, wanakirudisha. Mama Asha anacho chake. Nilimwuliza mara moja kwenye kile kisanduku chembamba kuna nini, akanijibu kwamba chai yangu inapoa. Nimeishi na mwanamke huyo maisha yote ya ndoa yetu na sikujua tuna mambo ambayo yeye anayasoma na mimi siyasomi. Nimeamua kulifurahia jambo hilo. Nikiwa mstaafu nina nafasi.

Mwezi wa saba, wasichana walipokwisha kutolewa, Somoe alipita kwangu na Rehema kuchukua nakala. Binti alikuwa na kanga mpya na mafuta yaliyong'aa usoni, akasalimia kwa kupiga magoti vizuri, shikamoo mjomba, kisha akaenda kwenye kona ile ile ya baraza na kuvuta kitabu kutoka kwenye rundo. Hakuanza na kurasa za kushoto. Alifungua katikati, upande wa kulia, akainamia kisanduku kipana chenye mstari unaotetemeka, na akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko mtu anavyokaa kwenye picha. Kisha akaweka mkono mdomoni, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Kasiani alikuwa anatoka ndani na mzigo wa Bwana Salfa. Akanyoosha shingo juu ya bega lake.

"Hapo kuna nini, mdogo wangu?"

"Hapana kitu, kaka."

Alikifunga kitabu, kidole kikabaki ndani kushika ukurasa, akangoja kwa adabu mpaka Kasiani apite, kisha akakifungua tena.